Jinsi ya kutenganisha wanariadha wenye jina moja bila kumpa mtu medali ya mwenzake

Juzi mdogo wangu aliniletea karatasi mbili, ana kipindi cha michezo redioni na alikuwa ameandaa kumbukumbu za riadha za mwaka 1997. Kila sentensi ukiisoma peke yake ni kweli kabisa, ila ukizisoma zote pamoja huyo Wilson Kipketer aliyemwandika hajawahi kuwepo. Amewachanganya wawili. Nilimwelewa maana mimi pia walishanikesha hao hao, so nikakaa naye tukafanya hivi.

Hatua ya 1: Anza na matokeo, jina baadaye

Tafuta matokeo ya mashindano yenyewe, yale yanayoonyesha mbio, muda na nchi. Ukianza kwa kugugo jina umeshapotea.

Hatua ya 2: Jua hilo jina limetoka wapi

Kwa Wakalenjin, jamii ya Kenya, majina mengi yanatokana na vile mtoto alivyozaliwa. Kiprop alikuja na mvua, Kipkoech alfajiri, Kibet mchana, Kiptoo nyumbani kulikuwa na wageni. Sasa mvua hainyeshei boma moja tu, kwa hivyo ukikuta majina yamefanana usikimbilie kuandika "ndugu yake". Mwaka 2011 Emmanuel Mutai alishinda marathoni ya London tarehe 17 Aprili kwa saa 2:04:40, na kesho yake tu Geoffrey Mutai akashinda Boston kwa 2:03:02. Sio ndugu hao. Na Novemba wakakutana New York, Geoffrey wa kwanza, Emmanuel wa pili.

Hatua ya 3: Chora mistari, kila mtu safu yake

Hapa ndipo usiku wangu wote uliishia, so soma polepole.

Chukua daftari. Najua kuna Excel na kuna noti za simu, lakini mimi nasisitiza daftari la mistari na kalamu ya rangi mbili, manake kwenye simu unakopi paragrafu nzima bila kuisoma na kosa linaingia nalo, ila ukiandika kwa mkono kila tarehe lazima ujiulize hii ni ya nani. Safu ya kushoto andika Wilson Kipketer, mita 800, amezaliwa 1972, alikimbia kwa niaba ya Denmark. Safu ya kulia Wilson Boit Kipketer, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, amezaliwa 1973, alikimbia kwa niaba ya Kenya.

Ukifika tarehe 13 Agosti 1997 pale Zürich, simama. Usiku ule ule, uwanja ule ule, wa 800 alikimbia 1:41.24, rekodi ya dunia, na wa viunzi akakimbia 7:59.08, rekodi ya dunia pia, akiipita rekodi ya Moses Kiptanui kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Juu ya hayo Haile Gebrselassie naye akavunja ya mita 5,000, kwa hiyo ripoti za siku hiyo zimebeba rekodi tatu na Wilson Kipketer wawili kwenye aya moja! Mimi nilidhani gazeti limekosea, nikafuta mmoja. Usifute mtu.

Alafu siku 11 baadaye, tarehe 24 Agosti, wako Köln. Wa 800 anashusha tena mpaka 1:41.11, na siku hiyo hiyo Bernard Barmasai anamnyang'anya Boit rekodi ya viunzi kwa 7:55.72. Kwa hiyo mmoja akikwambia rekodi ya Kipketer ilidumu siku 11 na mwingine akasema ilidumu karibu miaka 13 hadi David Rudisha alipoivunja Berlin 2010, wote wawili wako sahihi, ni safu mbili tofauti za daftari lako.

Na medali usizitegemee peke yake. Athens 1997 wote walikuwa mabingwa wa dunia. Mashindano ya dunia ya Sevilla 1999 wa 800 dhahabu, Boit fedha. Olimpiki ya Sydney 2000 wote fedha. Ukiandika "Kipketer alipata fedha Sydney" bila kutaja mbio hujasema kitu.

Hata "Mkenya" haitoshi, wote wamezaliwa Kenya.

Hatua ya 4: Jina la kati halikatwi

Andika Wilson Boit Kipketer kila mara, hata kama nafasi ni ndogo, na mwenzake mpe mbio zake: Wilson Kipketer wa mita 800. Mambo ya "Kipketer mkubwa" na "Kipketer mdogo" siyapendi kabisa. Mtu amekimbia chini ya dakika nane akiruka viunzi na maji, kumwandika kama kivuli cha mwenzake ni kumdhulumu.

Hatua ya 5: Geuza, angalia mtu mmoja mwenye majina mawili

Stephen Cherono alipohamia Qatar mwaka 2003 akawa Saif Saaeed Shaheen, na ni yeye aliyekimbia viunzi kwa 7:53.63 Brussels mwaka 2004. Kaka yake ni Christopher Kosgei, yule aliyempiga Boit pale Sevilla. Tumbo moja, majina hayafanani hata kidogo.

Hatua ya 6: Soma kwa sauti

Msomee mtu asiyefuatilia riadha, na kila ukitaja jina akuulize "yupi?" Mama ndiye alitusikiliza, uzi wa kushona mkononi. Aliuliza yupi mara nne, mdogo wangu akarekebisha mara nne, ya tano akanyamaza akaendelea kushona.