Kuzuia nyumba isipigwe mnada: hatua nilizopita na mama mmoja wa Newala

Mama huyu alikopa ili ahudumie mikorosho, akaweka nyumba rehani. Malipo ya korosho yakachelewa, marejesho yakalala, tangazo la mnada likabandikwa ukutani. Naandika kwa yeyote aliyefikwa na hayo.

Hatua ya 1. Kusanya mkataba, hati ya rehani, risiti na stetimenti ya mkopo.

Hatua ya 2. Kagua notisi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Sura ya 113, kifungu cha 127, inampa mkopaji siku 60 tangu apokee notisi ndipo nyumba iuzwe. Tarehe iliyochapwa juu ya barua siyo ya kuhesabia. Hesabu siku uliyoipokea. Tangazo la mnada wa ardhi nalo ni siku 14 kabla. Na kama ni nyumba ya familia, mwenza wako aliridhia? Kifungu cha 114 kinadai ridhaa yake.

Hatua ya 3. Omba kwa barua kupangiwa upya marejesho. Mimi siamini ahadi ya mdomo ya afisa mikopo, hata awe mwema vipi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 4. Nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nyumba ya zaidi ya shilingi milioni 300 ni Mahakama Kuu, Mtwara. Hapa ndipo tuliposota. Tulipeleka maombi ya zuio la muda (amri ya kusimamisha mnada wakati kesi ikisikilizwa) peke yake, yakarudishwa, siku mbili zikapotea na mnada ni Jumamosi. Lazima kuwe na shauri la msingi, yaani kesi yenyewe unayomshtaki mkopeshaji. Maombi yaambatane nalo, pamoja na hati ya kiapo (maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia) na hati ya dharura (ya kuomba usikilizwe haraka). Kiapo kijibu mambo matatu yaliyowekwa na kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe (1969): kuna hoja ya kusikilizwa, hasara haitafidika kwa pesa, na wewe ndiye utakayeumia zaidi zuio likikosekana. Deni usilikane kama unadaiwa kweli. Tetea utaratibu uliokiukwa.

Kufungua shauri hakusimamishi mnada. Kinachosimamisha ni amri. Ichukue ikiwa na muhuri, umfikishie dalali na mkopeshaji mkononi, wasaini. Nyundo ikishagonga, kifungu cha 135 cha Sheria ya Ardhi kinamlinda mnunuzi wa nia njema (asiyejua kasoro za mnada), nawe unabaki kudai fidia.

Zuio halizidi miezi 6. Omba liongezwe kabla halijaisha.