Kuanzisha mradi wa pop ya kielektroniki ukiwa peke yako

Anayetoka kwenye bendi na kuingia kwenye pop ya kielektroniki peke yake hukwama mahali pamoja: kompyuta inampa sauti maelfu, na hakuna mwenzake wa kumwambia basi, inatosha. Kwa hiyo anza kwa kujiwekea mipaka. Sinthesaiza moja, yaani programu ya kuunda sauti (Vital na Surge XT zinapatikana bure na zina kila kitu), seti moja ya dramu, mwangwi wa aina moja, na sauti yako. Nyimbo nne za kwanza zitoke humo humo. Msikilizaji atakutambua kwa rangi hiyo kabla hajalishika jina lako.

Jina lenyewe litafute kwanza Spotify, Boomplay na YouTube. Likiwa na mwenyewe, achana nalo. Kuongeza herufi moja hakusaidii. Kazi zenu zitajikuta kwenye ukurasa mmoja, na kuzitenganisha ni usumbufu wa muda mrefu.

Kabla ya kununua maiki ghali, tengeneza chumba. Simamisha godoro nyuma yako unapoimba, maana maiki inakutazama wewe pamoja na ukuta ulio mgongoni kwako. Zima feni. Kaa umbali wa shibiri moja, rekodi kwa biti 24, na kilele cha sauti kicheze kati ya -12 na -6 dB. Sauti yako ikikurudia kwenye hedifoni kwa kuchelewa, shusha bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa; hupangwa kwenye programu ya kurekodia) hadi sampuli 128. Ukianza kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote pamoja, ipandishe hadi 1024, la sivyo kompyuta italemewa na utasikia mikwaruzo. Kiitikio kiimbe mara tatu kweli: moja ikae katikati, mbili kushoto na kulia, chini kidogo. Ukinakili sauti ile ile na kuitupa pande zote mbili, itabaki katikati ikiwa imeongezeka nguvu tu, upana hutaupata.

Nyimbo nyingi za chumbani huharibikia chini. Kiki (dramu kubwa ya chini) na besi zote zinagombania eneo la 40 hadi 100 Hz, na zikipiga pamoja kila kitu kinakuwa kizito bila nguvu. Weka kompresa (kifaa cha ndani ya programu kinachopunguza sauti inapozidi) kwenye besi na uifanye iamshwe na kiki: ipunguze 3 au 4 dB, kisha iachie kabla ya pigo linalofuata. Kwa tempo ya 120 kila pigo lina milisekunde 500, hivyo muda wa kuachia wa milisekunde 150 hadi 200 ni mwanzo mzuri. Ukirefusha mno, besi haipati nafasi ya kurudi na wimbo unapwaya.

Baada ya hapo sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia zikiunganishwa kuwa moja, kwenye spika ya simu. Hapa usiruke, kwa sababu watu wengi watakusikia hivyo hivyo. Sinthesaiza iliyokuwa pana ikitoweka, mawimbi ya kushoto na kulia yanafutana. Punguza upana wake. Besi isiposikika, usiipandishe, spika ile haiwezi kuitoa kabisa. Ikwaruze kidogo kwa distosheni ili izae sauti za juu yake, kati ya 200 na 800 Hz; sikio litaijaza besi lenyewe. Masta, yaani wimbo uliokamilika, kilele chake kiishie -1 dB. Spotify husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), hivyo kuubana wimbo hadi ukose pumzi ni kujipunja.

Peleka kwa msambazaji (kampuni inayofikisha nyimbo Spotify na kwingineko) faili la WAV la 44.1 kHz na kava la mraba la pikseli 3000 kwa 3000. Chagua Ijumaa iliyo wiki nne mbele. Maombi kwa wahariri wa Spotify yafike angalau siku 7 kabla wimbo haujatoka, ili pia uingie kwenye orodha ya nyimbo mpya ya wanaokufuata. Ukiurudisha wimbo huo kwenye albamu, tumia ISRC (namba ya utambulisho wa rekodi) ile ile, vinginevyo hesabu ya wasikilizaji itagawanyika. Umetumia vipande vya sauti vilivyo wazi kwa kila mtu? Usiwashe Content ID (mfumo wa YouTube wa kutambua na kudai muziki), utakuwa unadai mali ambayo wengine nao wanayo kihalali. Asilimia za aliyeshiriki kutunga ziandikwe na kusainiwa mapema, kisha sajili kazi: COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kwa Tanzania, KECOBO (bodi ya hakimiliki) kwa Kenya.

Jukwaani, kadi ya sauti yenye matundu mawili inatosha. Muziki wote uwe mono kwenye tundu la kushoto, kliki ya kuhesabu mapigo kwenye la kulia, nawe usikilize zote mbili kwa hedifoni. Mwambie fundi mitambo achukue la kushoto peke yake. Akiunga yote, ukumbi mzima utasikia kliki. Chaja ya kompyuta ikileta mvumo, pitisha waya kwenye kisanduku cha DI (kinachounganisha kifaa chako na mitambo ya ukumbi) na ubonyeze swichi ya kukata ethi. Nakala ya muziki iwe pia kwenye simu, pamoja na waya wake.