Namna ya Kuisimamia Ajira Yako Ungali Kazini

Wafanyakazi wengi huanza kuandika wasifu wao wakati kibarua kimekwisha kuota nyasi, au pale tangazo la nafasi linapoonekana Ijumaa jioni na mwisho wa kutuma maombi ni Jumatatu. Kwa aliyekwisha kuachishwa, barua pepe ya ofisi imefungwa, meneja aliyeujua uwezo wake amehamia mkoa mwingine, na takwimu za kazi aliyoifanya zimebaki katika kompyuta asiyoruhusiwa tena kuigusa. Mwongozo huu, unaowahusu hasa waajiriwa wa sekta binafsi nchini Tanzania, unashauri kwamba ushahidi utakaohitajika siku ya kuondoka, au siku ya kuomba kupandishwa cheo, ukusanywe sasa, mtu akiwa bado ndani.

Anza na mkataba na michango

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu ajira yake, yakiwemo majukumu, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira, na aina na muda wa mkataba. Tafuta nakala yako, na kama huna, iombe kwa ofisi ya rasilimali watu kwa maandishi. Mwenye mkataba wa muda maalumu anapaswa kuanzisha mazungumzo ya kuongezewa muda miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu wiki ya mwisho uamuzi huwa umekwisha kufanywa. Kisha linganisha majukumu yaliyoandikwa na kazi unazozifanya kweli. Aliyeajiriwa kama karani wa ghala na leo anaagiza mizigo, anakagua ankara na kusimamia vibarua anafanya kazi ya cheo kingine. Tofauti hiyo ndiyo hoja yake kubwa, ila haina nguvu kama haijaandikwa popote.

Kagua pia michango yako ya hifadhi ya jamii. Kwa mwajiriwa aliye mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haipaswi kuzidi asilimia 10. Makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara hayathibitishi kwamba fedha zimefika. Kinachothibitisha ni taarifa ya michango inayotolewa na Mfuko wenyewe. Miezi iliyorukwa hufuatiliwa kwa urahisi zaidi wakati mhasibu anayehusika yuko chumba cha pili kuliko miaka 5 baadaye, pengine kampuni ikiwa imekwisha kufungwa.

Daftari la kazi zako

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote, na ndipo watu wanapozembea zaidi. Kila mwisho wa mwezi andika kazi ulizokamilisha, nani alizihitaji, zilihusu kiasi gani, na nini kilibadilika baada yake. Usitegemee kumbukumbu, kwa kuwa mtu hukumbuka vizuri migogoro ya ofisini na kusahau ripoti aliyoiokoa usiku wa manane.

Mhasibu msaidizi asiye na daftari huandika katika wasifu wake: “Nilisaidia shughuli za uhasibu.” Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na yeyote aliyewahi kukaa karibu na kikokotoo. Mwenye daftari anaweza kuandika: “Nililinganisha kila mwezi daftari la fedha na taarifa za akaunti 4 za benki, na muda wa kufunga hesabu za mwezi ulipungua kutoka siku 12 hadi 6.” Dereva wa lori naye ataje njia alizozizoea, aina ya mizigo, na miaka aliyoendesha bila ajali. Mpishi wa hoteli ataje idadi ya wageni aliowahudumia kwa zamu moja na vyakula alivyokabidhiwa kuvisimamia.

Daftari hilo liwe mali yako na litunzwe nje ya vifaa vya mwajiri, lakini lisigeuke njia ya kuhamisha siri zake. Orodha za wateja, bei za zabuni na nyaraka za ndani si zako, hata kama wewe ndiye uliyezichapa. Mikataba mingi huzuia kuzitoa, na taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andika matokeo ya kazi yako bila majina ya wateja. Kinachokuhusu moja kwa moja, yaani barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, tathmini za utendaji, barua za pongezi na vyeti vya mafunzo, kipigie nakala na ukihifadhi katika barua pepe yako binafsi.

Kuna ushahidi mwingine usiokaa kwenye karatasi, nao ni watu. Matangazo ya kazi serikalini yanayotolewa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hudai wadhamini watatu wa kuaminika, na waajiri binafsi wengi hufanya hivyo hivyo. Desturi ya kuandika jina la mkubwa fulani bila kumjulisha ni ya hatari: mdhamini anayepigiwa simu akiwa sokoni, asijue umeomba kazi gani, hawezi kukusaidia hata akiwa anakupenda. Mwombe ridhaa mapema, kisha mpelekee ukurasa mmoja wa kazi mlizofanya pamoja.

Mazungumzo na mkuu wa kazi

Omba kikao kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa, kwa sababu baada ya hapo hata mkuu anayekukubali hukosa fungu la kukupandishia mshahara. Usianze na malalamiko, wala usitishie kuhama ikiwa huna pa kuhamia. Maneno yanaweza kuwa haya: “Nashukuru kwa nafasi mliyonipa. Tangu Januari nimekuwa nikifanya pia kazi za uagizaji. Naomba tuangalie kama majukumu haya yanaweza kuingizwa rasmi katika nafasi yangu, na kama kuna sifa ninazokosa ili nifikiriwe kuwa afisa ugavi.” Siku hiyo hiyo mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru na kurudia mliyokubaliana, ili mazungumzo yabaki na tarehe.

Ukiambiwa sifa unazokosa, zilinganishe na matangazo kadhaa ya nafasi iliyo juu yako. Sharti linalojirudia ndilo la kulipia ada. Kwa uhasibu mara nyingi litakuwa mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ambayo hufanyika Mei na Novemba, na kwa ununuzi na ugavi litakuwa usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Fundi aliyejifunza kazi gereji bila kupita chuoni anaweza kuomba VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, impime na kuurasimisha ujuzi wake. Cheti kimoja cha bodi ya taaluma kina uzito kuliko vyeti vitano vya semina za siku moja, ingawa hivi vya pili ndivyo vinavyopendeza ukutani. Likizo ya mwaka, ambayo kisheria haipungui siku 28, inaweza kupangwa iangukie majuma ya kabla ya mtihani.

Ukiamua kuhama

Pima hatari kabla ya kusaini kwingine. Mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri mpya halindwi na vifungu vya sheria vinavyozuia kuachishwa kazi isivyo haki, na kiinua mgongo cha kisheria hakimpati aliyeacha kazi kwa hiari yake. Nyongeza ndogo ya mshahara inaweza isitoshe kufidia hayo. Anayetaka kuomba nafasi nyingine akiwa tayari ni mtumishi wa umma asome masharti ya tangazo, kwani kwa kawaida hutakiwa kupitisha barua yake kwa mwajiri. Na yeyote anayedai “ada ya usaili” kwa njia ya simu ni tapeli.

Subiri mkataba mpya uliosainiwa kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Baada ya mwezi wa kwanza wa ajira, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, na akikataa kufanya kazi katika kipindi hicho mwajiri anaweza kukata kiasi hicho katika malipo yake ya mwisho. Kabidhi vifaa kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, dai malipo ya siku za likizo ulizobakiza, na usiondoke bila cheti cha utumishi, ambacho sheria inamlazimu mwajiri kukitoa. Kwa NSSF usifungue uanachama mpya. Mpe mwajiri mpya namba yako ile ile, kisha baada ya miezi miwili angalia kama mchango wa kwanza umeingia.