Kufungua mfereji wa sikio la ndani kwa kikata mfupa cha altrasoniki

Ncha ya kifaa hiki haizunguki. Hutetemeka takriban mara 25,000 hadi 30,000 kwa sekunde, ikisaga mfupa bila kusokota pamba wala mishipa, hatari kubwa ya drili inayozunguka karibu na neva ya uso.

Kwa uvimbe wa neva ya kusikia, inayopita ndani ya mfereji huu pamoja na neva ya uso, unaofikiwa kupitia nyuma ya sikio, soma kwanza picha za CT: balbu ya mshipa wa jugula (sehemu iliyotuna ya mshipa mkubwa unaotoa damu kichwani) imepanda hadi wapi, na mifereji ya nusu duara, viungo vya usawa vya sikio la ndani, iko umbali gani? Ukiitoboa mifereji hiyo, usikivu unaweza kupotea. Washa kifuatilia neva ya uso, kisha hakikisha maji ya chumvi yanafika nchani kabla hujakanyaga kanyagio.

Gusa mfupa kwa wepesi, ukipitisha ncha huku na huku kama unayepiga brashi. Kosa la kawaida ni kukandamiza: mtetemo hufa, mfupa haukatiki, na nguvu yote hugeuka joto. Mfupa ukikaa kwenye nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huanza kudhurika, na neva huvumilia joto kidogo kuliko mfupa. Kasi ikipungua, badilisha ncha iliyochakaa au ongeza maji, usiongeze nguvu ya mkono.

Acha ganda jembamba juu ya utando wa mfereji, ulibandue kwa kifaa butu. Usidanganyike kwamba tishu laini ziko salama kabisa: ncha ikitulia juu ya neva, itaiumiza.