Yellowstone kwa gari lako: huku dereva wa safari ni wewe

Ukienda Serengeti au Mara, dereva anajua simba kalala wapi, na chakula cha mchana kiko kwenye boksi. Yellowstone, hifadhi ya taifa huku Marekani, dereva ni wewe, mwongozaji ni wewe, na hilo boksi usipolifunga mwenyewe halipo. Ndiyo maana wenzetu wengi hurudi wakisimulia foleni tu.

Sisi tulitokea Salt Lake City, mwendo wa saa tano hivi hadi Jackson, Wyoming. Mji wa kupiga picha: bustani ya katikati ina matao manne ya pembe za elki, wale paa wakubwa wa huko, pembe walizozidondosha wenyewe. Piga picha, kunywa kahawa, ondoka. Kulala hapo majira ya joto ni kujikamua. Hata wafanyakazi wa Jackson wengi hulala Victor na Driggs, upande wa Idaho, wakivuka mlima kila siku kwa njia ya Teton Pass. Wafuate, ila ukishuka tumia gia ndogo. Mteremko unafika asilimia 10, na breki zikianza kunuka umechelewa.

Kiingilio ni dola 35 kwa gari binafsi, siku saba, na Grand Teton, hifadhi nyingine unayopita njiani, inatoza yake. Pasi ya mwaka ya wakazi, dola 80, inafungua zote mbili. Sasa sikia: tangu Januari 2026, asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na zaidi, kama hana pasi ya mwaka, anaongezewa dola 100. Kama umemleta mama kutoka Moshi, zitenge kabisa. Nawe beba leseni au kadi ya ukaazi, usije ukahesabiwa mgeni.

Jaza tangi Jackson na upakue ramani, maana ndani mtandao ni wa kubahatisha. Barabara kuu ina umbo la namba 8, maili 142, na mwendo hauzidi maili 45 kwa saa. Baisani, yaani nyati wa huko, akisimama njiani, subiri. Dume mmoja alikuja usawa wa dirisha la mama, manyoya yamegandamana matope, pumzi yake ikitia ukungu kioo. Mama akaninong'oneza, "Usimsalimie." Ukiwa nje ya gari, kaa yadi 25 mbali naye, kwa dubu na mbwa mwitu, yadi 100.

Old Faithful, chemchemi maarufu ya maji moto, hurusha maji juu takriban kila dakika 90, na saa inayokadiriwa hubandikwa kwenye kituo cha wageni. Mbwa mwitu waliorudishwa 1995 watafute bonde la Lamar, kaskazini, alfajiri. Hiyo ni ya siku nyingine, usiichanganye na Old Faithful.

Mliozoea kuchemsha mayai kwenye chemchemi za Ziwa Bogoria, hamu hiyo iacheni nyumbani. Mwaka 2020 watu walikamatwa Yellowstone wakichemsha kuku wazima kwenye chemchemi, wamewatia guniani. Usitoke kwenye njia za mbao: ardhi pembeni ni ganda jembamba, na chini yake maji yanatokota.

Ugali pikeni kwenye maeneo ya pikiniki, lakini sufuria hata ikiwa tupu irudi garini mara moja. Dubu anaisikia harufu ya ukoko kutoka mbali. Na chupa ya chai isisahaulike. Hata Juni theluji huweza kuanguka.