SOMO: Geti la kuslaidi la nyumbani, kuanzia kupima mpaka kulitunza

Wakuu habari zenu. Mi ni fundi wa mageti hapa Dar, nimechomelea Kigamboni, Mbezi, Bunju, na swali ninaloulizwa kila wiki ni lile lile, fundi geti la kuslaidi shilingi ngapi, yani mtu anaanza na bei kabla hajajua geti lenyewe litakuwa na kilo ngapi na litasimama juu ya nini. Leo nimekaa niandike hatua kwa hatua, hata kama kazi utampa fundi mwingine we uwe unajua cha kumsimamia.

HATUA YA 1: Pima nafasi

Geti la kuslaidi linataka pa kujificha. Kama njia ya gari ni mita 4, geti linakuwa kama mita 4 na sentimita 20 hivi ili lilalie nguzo pande zote, afu ukuta wa pembeni uwe mrefu kuzidi hapo, bila mti, bila simtanki, bila mita ya maji. Nimeshafika saiti nikakuta mwashi kashajenga choo cha mlinzi pale pale geti linapotakiwa kurudi, ikabidi tubomoe. Ukuta ukiwa mfupi chukua la milango miwili ya kufungua, ila angalia ardhi ya ndani, kama inapanda litagota chini kabla halijafunguka lote.

HATUA YA 2: Shiti na fremu

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Namba ya geji ikiwa kubwa shiti inakuwa nyembamba, sio kinyume chake. Geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 kama 1.2, geji 20 haifiki hata 1. Nenda na venia, kile kipimo cha unene, dukani upime mwenyewe, usikubali geji ya kutajiwa mdomoni.

Na hesabu ya uzito ni rahisi tu: chuma cha mita moja ya mraba chenye unene wa milimita 1 ni kilo 8 kasoro kidogo. Geti la mita 4 kwa 2.2 lina mita za mraba 8.8, ukiweka geji 16 shiti peke yake ni kilo 100 na ushee, hapo hujaweka fremu, maua, wala mikuki ya juu, kwaiyo usishangae geti zima likafika kilo 180 au 200. Mi kwa nyumba ya kawaida nashauri shiti geji 18 na hela inayobaki uipeleke kwenye fremu, bomba la 2 kwa 2 lenye unene wa kueleweka, maana fremu ndo inabeba, shiti inaziba tu.

HATUA YA 3: Msingi na reli

Usichimbie reli kwenye mchanga ukamwagia zege kidogo juu. Chimba mtaro mzima wa njia ya geti, kuanzia mwanzo wa uwazi mpaka mwisho wa pale linaporudi, kama sentimita 30 kwa 30, weka nondo, mwaga zege, na reli uichomelee kwenye nondo zilizo ndani ya zege. Weka pimamaji. Reli ikiinama hata kidogo geti linajitembeza lenyewe, na geti linalojitembeza ni hatari kuliko geti bovu. Gurudumu zifanane na reli, ya V kwa anglaini (chuma cha pembe, cha umbo la L) iliyolazwa mgongo juu, ya U kwa nondo ya duara. Ukichanganya zinakula upande mmoja. Afu acha njia ya maji, masika ya Dar unaijua.

HATUA YA 4: Stopa na gaidi ya juu

Naomba hii uisome taratibu. Geti la kuslaidi halina bawaba, halijafungwa popote, limesimama tu kwenye gurudumu mbili chini na linashikwa juu na zile rola za gaidi, yani vigurudumu vinavyolibana huku na huku lisilale. Likipita mwisho wa reli au likichomoka kwenye gaidi linalala chini, kilo 200 zote, na halitoi sauti ya kukuonya.

Mwaka 2018 niliitwa nyumba moja huko Kigamboni asubuhi, nikakuta geti la mita 5 limelala kwenye njia ya gari na chini yake kuna mpira wa mtoto umepasuka. Mtoto wa mlinzi ndo alikuwa anachezea pale, mama yake kamwita akanywe uji, hajafika hata barazani baba akavuta geti kwa nguvu, likapitiliza. Nilienda kuitafuta stopa, kile kizuizi cha mwisho wa reli, nikaiokota mchangani, kipande cha nondo ya milimita 10 kilichokuwa kimeshikwa kwa madoti mawili ya welding, ile sehemu iliyokuwa imeshika kweli inang'aa kama punje ya mchele. Punje moja ya mchele ndo ilikuwa inazuia geti zima. Toka siku hiyo sikabidhi geti bila stopa nne: mbili chini kwenye zege, kila mwisho wa reli, kipande cha anglaini nene kilichochomelewa mzunguko mzima, na mbili juu kwenye fremu yenyewe ambazo zinagonga nguzo ya gaidi hata kama zile za chini zikifa. Rola za gaidi ziwe jozi mbili, sio jozi moja. Gharama inayoongezeka ni vipande vya chuma ambavyo karakana yoyote vinazagaa chini.

Fundi akikwambia stopa ataweka baadae, usimmalizie hela.

HATUA YA 5: Rangi

Pwani chumvi haina huruma. Piga grainda, piga msasa, futa na tina, afu redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo, ukiacha chuma kitupu kikalala nje usiku asubuhi kina kutu tayari. Koti mbili za redi oksaidi kisha koti mbili za rangi ya mafuta. Ncha za bomba zizibwe zote, na chini ya fremu toboa vitundu vidogo vya kutolea maji, kwasababu mageti mengi yanaozea ndani ya bomba huku nje rangi bado inapendeza.

HATUA YA 6: Mota, kama unataka

Chukua yenye uwezo mara mbili ya uzito wa geti, geti la kilo 200 weka ya kilo 400 au 500. Kati ya meno ya mota na meno yaliyo kwenye geti iachwe nafasi ya milimita 1 mpaka 2, wasibebane. Sensa ya kuzuia isifunge mtu akiwa katikati usikubali irukwe. Na funguo ya kuachia mota umeme ukikatika kila mtu mzima wa nyumba ajue ilipo.

MATUNZO

Kila wiki fagia reli. Kila mwezi achia mota, sukuma kwa mkono mmoja, likikataa kuna kitu. Kila miezi mitatu grisi kwenye beringi na rola za juu TU, reli usipake grisi hata siku moja, inakamata mchanga inakuwa msasa. Walio karibu na bahari waoshe geti kwa maji yasiyo na chumvi.

MASWALI

Swali kutoka Tanga: Shikamoo fundi, la kwangu linalia na linakwama katikati, fundi wa huku anasema nibadilishe gurudumu zote, ni kweli?
Jibu: Marahaba dada. Usinunue kwanza. Liache geti pale linapokwama, chungulia reli hapo hapo, mara nyingi zege imetitia au kokoto imegandamana. Kama linakwama sehemu moja tu ni reli, kama linalia safari nzima ni beringi, na beringi unaweza kubadilisha yenyewe bila gurudumu.

Swali kutoka Arusha: Mkuu kwangu ni mlima na maji ya mvua yanapita getini na tope, reli haidumu. Nifanyeje?
Jibu: Kuna geti la kuning'inia, halina reli njiani, linabebwa na rola zilizo pembeni, upande wa ndani wa ukuta. Ila linataka mkia wa kulisawazisha, karibu nusu ya uwazi, kwaiyo njia ya mita 4 utahitaji geti la kama mita 6 na ukuta wa kutosha pembeni.

Swali: Kaka na ule mlango wa gereji wa kupanda juu, wenye springi, unatunzwaje? Wangu umekuwa mzito.
Jibu: Ule uzito unabebwa na springi, mota inasaidia tu. Achia mota mlango ukiwa umefungwa, unyanyue taratibu mpaka usawa wa kiuno, ukikaa hapo springi ni nzima, ukishuka zimechoka. Nyingi zinatengenezwa kwa mizunguko 10,000 hivi, ukifungua mara 4 kwa siku ni kama miaka 7. Ukiona imekatika au mlango haunyanyuki, acha ulivyo. Kukaza springi usijaribu mwenyewe kabisa, ile imejazwa nguvu, ikifyatuka inavunja mkono.

Swali: Fundi mi nimehamia nyumba ya kupanga, geti lipo la zamani, nitajuaje stopa ni nzima?
Jibu: Watoto waingie ndani kwanza. Fungua polepole mpaka mwisho, usilibamize, angalia kinacholizuia ni nini. Kama ni tofali, jiwe au kinondo, mpigie mwenye nyumba leo. Afu angalia juu, rola zimeshika fremu pande zote mbili au zimeachia? Mpaka fundi afike, funga geti na kufuli kubwa mtumie mlango mdogo.