Kabla ya kununua cherehani mpya, badili sindano ya ile ya zamani

Kama ndiyo unaanza kushona na cherehani yako ya zamani inaruka mishono au inakata uzi, usiihukumu kabla ya kuweka sindano mpya. Namba 90/14 inafaa kitenge na pamba ya kawaida. Isukume juu hadi igote, na uzi uingie tunduni kutokea upande wa sindano wenye mfereji mrefu. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukosea. Kisha safisha vumbi la uzi karibu na bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), tia matone machache ya mafuta ya cherehani (ya kupikia hapana, yanaganda), inua mguu unaobana kitambaa, utie uzi upya tangu mwanzo. Shona kipande cha kitenge chenye tabaka mbili, halafu nne. Mshono ukitoka sawa juu na chini, baki nayo, na hela nunulia kitambaa cha mazoezi.

Inasaidia kwa sababu sindano ikipanda huacha kitanzi kidogo cha uzi, na ndoano ya chini hukidaka. Sindano ikipinda au ikikaa vibaya, ndoano inapita patupu.

Haitasaidia kama ncha ya ndoano yenyewe imelika, hiyo mpelekee fundi kwanza. Pia cherehani ya mshono ulionyooka tu haitakufaa ukitaka kushona fulana na nguo zinazovutika, maana mshono hukatika nguo ikivutwa. Hapo tafuta yenye zigizaga (mshono wa kwenda kushoto na kulia), hata ya mtumba.